Diski Haijafa

Hoja iliyochapishwa kwamba Windows ikigoma kusakinishwa kutoka kwenye flashi basi diski imekufa haina mashiko, na inawatia wasomaji hasara ya bure.

Flashi yenyewe ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, ilhali install.wim ya Windows 11 mara nyingi huvuka kiwango hicho. Anayenakili kwa mkono huishia na flashi pungufu.

Na diski isipoonekana? Kompyuta nyingi za Intel, kuanzia kizazi cha 11, huhitaji draiva ya VMD. Ikipakiwa, diski hujitokeza.

Ujumbe kwamba diski ina mpangilio wa MBR nao si dalili ya ubovu: Windows ikisakinishwa kwa UEFI inadai mpangilio wa GPT. Fundi ahifadhi data, kisha aipange upya diski hiyohiyo.