Pesa iko kwa simu, lakini noti iko banki

Tangu M-Pesa iingie Kongo mwaka 2012, wengi wetu hatujui tena mlango wa banki. Je, banki zinapata hasara? Kwa komisyo, ndiyo: pesa unayotumia mama Butembo haipiti tena gisheti. Lakini zile franga na dola unazoona kwa simu, kampuni ya simu inaziweka banki. Hapo banki inapata amana nyingi bila kufungua hata tawi moja. Ubaya ni kwamba anayekujua, anayejua unauza na kununua kiasi gani, sasa ni kampuni ya simu, na mkopo mdogo utaomba kule.

Banki zilipofunga Goma mwezi wa kwanza 2025, kiisha Bukavu, tuliona vizuri kamba inafungwa wapi. Hesabu kwa simu ilibaki, noti zikakosa. Mwenye kabini naye noti zake zinatoka banki; zilipopunguka akapandisha bei ya kutoa. Mwalimu akakatwa kwa mshahara wake mwenyewe, na banki, milango imefungwa, haikupata hata makuta moja ya ile komisyo.