Mtoto wa Masisi Aandikwe Kwanza

Mama wa Masisi, Kivu Kaskazini, anayeitwa na mumewe Ubelgiji huambiwa alete cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vikiwa na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, Kinshasa, kisha ule wa ubalozi. Kijana wa Walikale aliyepata nafasi ya chuo ng'ambo hupita njia hiyo hiyo. Kila mtu analalamikia mihuri, gharama zake na makomisioneri, yaani madalali, wanaojazana milangoni. Sisi tunauliza jambo la kabla ya hapo: cheti chenyewe kitatoka wapi?

Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Siku hizo zikipita, mzazi hana budi kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuziba pengo hilo, na hapo ndipo pesa huanza kumtoka. Utafiti wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta kwamba watoto walioandikishwa kabla ya kutimiza miaka 5 ni takriban 4 tu kati ya 10. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na miji yenye amani. Mama aliyejifungulia njiani akikimbia kutoka Bashali, Katoyi au Wanianga hakuwa na nafasi ya kuhesabu siku 90.

Hali imezidi kuwa mbaya. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, kisha Goma. Machi wakafika Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Gavana wa Kivu Kaskazini aliyeteuliwa na serikali anafanyia kazi Beni. Kinshasa haiutambui utawala wa waasi hao na muungano wao, AFC/M23, kwa hiyo mtoto aliyeandikishwa chini yake ana karatasi ambayo afisa wa ubalozi ataitilia shaka. Kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, nayo ni shida: hutolewa wakati wa kuandaa uchaguzi, na ule wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi.

Serikali isijifiche nyuma ya vita. Bunge linaweza kusimamisha hesabu ya siku 90 kwa teritwari zilizo vitani. Mahakama zinaweza kuwafuata wakimbizi wa ndani kambini na kutoa hukumu hizo bure, kwa ushahidi wa wazee na wakunga. Na Wizara ya Mambo ya Nje iweke Beni afisa ambaye saini yake imepelekwa kwa balozi zote. Hakuna sababu karatasi ya mtu wa Pinga ivuke nchi nzima kwa ajili ya wino.

Jambo lingine ni Mkataba wa Hague wa Oktoba 5, 1961, unaoondoa muhuri wa ubalozi na kuweka cheti kimoja, apostili, mahali pake. Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu Juni 2024. Kongo haimo. Tuingie, ingawa apostili haitamsaidia mtu ambaye jina lake halimo katika rejista yoyote.

Kuhusu tafsiri, watu wanaliwa pesa bure. Vyeti vyetu ni vya Kifaransa. Kwa Ufaransa, au kwa uhamiaji wa Kanada, havihitaji kutafsiriwa. Idara ya uhamiaji ya Marekani inataka tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba tafsiri ni sahihi. Haidai awe ameapishwa. Anayekuuzia kiapo kwa safari ya Marekani anakuuzia hewa. Tafsiri ifanywe mwishoni, mihuri yote ikiwa imeshagongwa, kwa kuwa maneno yaliyo ndani ya mihuri nayo hutafsiriwa.

Angalia majina zaidi ya yote. Mkongomani ana majina matatu, nom, postnom na prénom, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane hata jina moja. Fomu ya Ulaya ina visanduku viwili. Mtafsiri akikata postnom ili ienee, au karani akiandika herufi moja tofauti na ile ya kadi ya mchaguzi, afisa wa viza ataona watu wawili. Soma kila herufi kabla hujatoka ofisini. Kosa likishapigwa muhuri hurekebishwa mahakamani.

Nchi za kigeni na balozi zao nazo zina wajibu. Mtu wa Masisi aliye kambini Nakivale, Uganda, au Kiziba, Rwanda, ni mkimbizi, na kifungu cha 25 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinaitaka nchi aliyomo impatie hati ambazo angezipata kwa serikali yake. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2003 kuhusu kuunganisha familia yanakataza ombi la familia ya mtu aliyetambuliwa huko kuwa mkimbizi kukataliwa kwa sababu tu hati hazipo. Ushahidi mwingine lazima uangaliwe. Afisa anayemrudisha mama wa Kitshanga, mke wa mkimbizi wa namna hiyo, akatafute cheti katika ofisi iliyo upande wa pili wa mstari wa vita anakwenda kinyume cha maagizo hayo. Mama huyo ana haki ya kudai kukataliwa kwake kuandikwe, pamoja na sababu, ili apate cha kukatia rufaa.