Cherehani ya mguu kwa asiyeweza kukanyaga?

Jamani, sisi vijana wa hapa Kakuma tumechoka na hizi picha za semina. Mwenzetu wa kiti cha magurudumu aliandikishwa kozi ya ushonaji. Mlangoni ngazi tatu, tukambeba. Ndani, cherehani zote za kukanyaga! Za mkono zipo, mafundi wa sokoni wanazo. Miezi mitatu akakaa anawakatia wenzake vitambaa, mwisho akapewa cheti. Cheti cha nini sasa? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ibara ya 27, unasema kazi ni haki yake, na mahali pa kazi parekebishwe. Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kozi ijayo wekeni mteremko pale mlangoni na cherehani mbili za mkono. Kumbeba tutambeba, ila amesema hataki kubebwa tena.