Salfa siyo ugani

Ndugu mkulima, yakifika maandalizi ya msimu wa korosho, kuanzia Ziwani na Madimba hadi Msimbati naulizwa swali moja tu: "Salfa imeshafika?" Simlaumu anayeuliza. Nawalaumu wenzangu wa ugani na wanaotusimamia, kwa kukuzoesha kuamini kwamba ugani ni ile foleni kwenye ghala la AMCOS.

Tazama ripoti zetu: tani za viuatilifu zilizogawiwa, wakulima waliosajiliwa, majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Mwaka 2022 maafisa ugani walianza kukabidhiwa pikipiki, simu janja na vipima udongo. Jambo jema, maana Mahurunga si mbali kwa aliyeitazama kwenye ramani tu. Lakini pikipiki ikiishia kubeba fomu, mkorosho wako umefaidika nini?

Utanijibu kwamba salfa ndiyo iliyotuokoa. Kweli kabisa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbovu na watu kuhamishiwa vijijini vilichangia, ubwiriunga ukamalizia. Salfa iliirudisha mikorosho kuzaa, na anayebisha hakuiona miaka ile.

Sasa piga hesabu. Gramu 250 kwa mti, mara tano kwa msimu, ni kilo moja na robo. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari ina miti kama 28. Hizo ni kilo 35 kwa ekari moja, mwaka baada ya mwaka. Salfa ikianguka chini haipotei. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti waliliandika jambo hili huku kusini tangu miaka ya 1990. Mkorosho huvumilia. Mahindi unayopanda katikati hayavumilii, halafu unaambiwa tatizo ni mbegu. Nani amewahi kukupimia udongo?

Halafu kuna ubwiriunga wenyewe. Nje ya msimu hujificha kwenye machipukizi machanga ndani ya mti uliosongamana, penye kivuli. Ukiyaondoa na kupogolea kabla ya maua, ugonjwa huanza ukiwa dhaifu, na huenda ukapunguza raundi za kupuliza. Kazi hii haina mfuko wa kugawa wala mgeni rasmi wa kupiga naye picha. Ndiyo maana huikuti kwenye ripoti.

Ningeulizwa, ningepima ugani hivi: afisa arudi shambani kwako msimu unaofuata, ahesabu miti iliyopogolewa, raundi ulizopuliza, hali ya udongo na kilo ulizopata kwa mti. Kama hakuna kilichobadilika, hakufanya ugani, hata kama ulisaini mara kumi. Wakubwa watasema afisa mmoja hawezi kuimaliza kata nzima. Hawezi. Basi achague mashamba machache kila kijiji, ayafuate miaka mitatu, majirani wajionee wenyewe.

Mwaka huu, kabla hujasaini karatasi yoyote, mwambie afisa wako muingie shambani pamoja na kile kipima udongo. Akisema kiko ofisini, simama kwenye mkutano wa kijiji umuulize huko ofisini kinapima nini.