Kobe Mdogo na Haraka Yetu ya Kusaidia

Majira ya mvua yaliyopita watoto wa mafundisho ya komunyo walituletea kobe mdogo wa maji, waliyemwokota kando ya Ziwa Tanganyika. Alienea katika kiganja cha mtoto. Macho ameyafumba, shingo imelegea. Mmoja wao alikwisha leta bugali. Mwingine alitaka apewe maziwa. Kobe hanyonyi, lakini huruma ya mtoto haiulizi hayo.

Sisi wakubwa tulikosa zaidi. Tulimtumbukiza katika ndoo iliyojaa, tukidhani mnyama wa maji hawezi kufa maji. Kumbe kobe hupumua kwa mapafu; akikosa nguvu za kuinua kichwa, huzama kama mtu. Tulimtoa haraka, tukiwa na aibu mbele ya watoto.

Ndipo tulipofuata utaratibu. Kwanza joto, kwa maana mwili wake hupata joto kutoka nje, na akiwa baridi tumbo lake halisagi chakula. Kumlisha wakati huo ni kumwongezea mzigo. Kisha maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu chake, katika beseni lenye jiwe la kupumzikia. Kisha jua la asubuhi, ambalo huimarisha gamba, pamoja na kivuli cha kukimbilia. Chakula kilikuja mwisho: vipande vya ndagala wabichi na minyoo ya udongo. Kila aliyemshika alinawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Siku ya tano alikula. Alipoanza kuogelea, ugomvi nao ukaanza. Mtoto aliyemwokota alisema kobe ni wake, na jirani mmoja alikuwa tayari kumnunua. Baadhi ya wazazi waliona mtoto ana haki, kwa kuwa alimhudumia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Sisi tulikataa, na tungali tunakataa. Kumwuguza kiumbe hakutupi hati ya kummiliki. Huyu alikuwa safarini, nasi tulimpa malazi tu.

Tulimrudisha palepale alipookotwa, penye matete. Mtoto alimweka chini kwa mikono yake mwenyewe, kisha wakati wa kurudi akakataa kushikwa mkono. Hadi leo hajatusamehe kabisa, wala hatumlaumu.