Cheri za Anderlecht, Ndizi za Kilabuni

KATA YA PILI
Na Mzee wa Kata

Anayeonja kriek, bia ya cheri ya Ubelgiji, mara ya kwanza hukunja uso. Rangi imemdanganya: glasi ni nyekundu kama juisi ya rosela, povu lake la waridi, na mdomo umeshajiandaa kupokea sukari. Kinachofika ulimini ni uchachu wa kumkumbusha mtu ukwaju, kisha cheri, halafu ukakasi kidogo wa mbao. Utamu haupo.

Mahali pazuri pa kukunjia uso huo ni Cantillon, kiwanda kidogo cha bia katika manispaa ya Anderlecht, Brussels, si mbali na stesheni ya Midi. Kilianza mwaka 1900, na tangu 1978 ni makumbusho pia. Mgeni hupita kati ya mapipa yaliyotandwa utando wa buibui ambao hakuna anayeufagia, kwani buibui hao hula inzi wanaofuata matunda. Ziara ikiisha humiminiwa glasi.

Utamu umepotelea wapi? Jibu linaanzia darini, kwenye sinia pana la shaba. Maji ya kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, yakishachemshwa pamoja na hopsi za zamani, humwagwa humo yapoe usiku kucha huku hewa ya nje ikipita. Hamira haitiwi, vijidudu vya hewani hujialika vyenyewe. Ndiyo maana kazi hii ni ya miezi ya baridi tu, maana joto huleta na wasioalikwa. Kinywaji huhamia mapipani, kukaa hata miaka mitatu, na huko huitwa lambic. Ili kupata kriek, cheri nzima nzima hutumbukizwa ndani, takribani gramu 200 kwa lita, na kuachwa miezi kadhaa. Chachu huimaliza sukari ya tunda. Rangi, harufu na uchachu ndivyo vinavyobaki.

Basi kuna tunda lililochachuka pamoja na bia, na kuna tunda lililonyunyizwa mwishoni kama manukato. Bia nyingi zenye picha ya tunda kwenye chupa ni za aina ya pili: zimetiwa juisi au sukari baada ya kazi kwisha, na anayezicheka kuwa soda yenye kileo hajakosea sana. Anakosea anapoliweka kila tunda katika kapu hilo moja.

Mchaga asingelifanya kosa hilo. Mbege yake huanza na ndizi zilizoiva, zikachemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewa huleta uchungu, kazi ileile ambayo hopsi hufanya Ulaya. Tunda, kimea na uchungu: hiyo ni bia ya matunda isiyokosa kitu. Wajerumani walipoitawala Moshi walikuwa wanakunywa jirani na bia ambayo sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotambua shayiri, hopsi na maji tu, isingekubali kuiita bia. (Hata kriek ingefukuzwa mlangoni.) Wahaya wana rubisi ya ndizi na mtama, Waganda wana tonto, Wanyarwanda wana urwagwa.

Hata hiyo baa inayopika bia yake yenyewe, ambayo Nairobi na Dar es Salaam hupokewa kama uvumbuzi, ni kilabu cha pombe kilichowekewa vigae na mitungi ya chuma. Pombe huiva nyuma, hunywewa mbele, na mpishi husikia malalamiko kabla kata haijashushwa.

Kwa hiyo mpishi wa bia wa Westlands au Masaki anayetaka tunda hana haja ya kuota cheri za Ubelgiji. Makueni kuna maembe, Muheza kuna machungwa, na ndizi hazihitaji kutafutiwa anwani. Msesewa ni jambo la tahadhari zaidi: gome hilo lina nguvu ya dawa, na kipimo chake anakijua mama anayepika mbege. Akafuatwe, aulizwe, na alipwe kama fundi mwingine yeyote wa bia.

Kitu kimoja tu mama huyo atashindwa kumfundisha mtu wa Cantillon: kungoja. Chupa ya gueuze, ndugu yake kriek asiyetiwa tunda, huchanganya lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, na wapo wanaoifungia stoo miaka mingine kumi. Mbege haikubali mambo hayo. Iliyo tamu leo asubuhi, kesho imeshakuwa kali, na keshokutwa inaelekea kuwa siki. Mteja huifuata ilipo, siku ilipoiva, akasogezewa nafasi kwenye benchi huku kata ikija upande wake.