Mtoa Figo Naye Alindwe

Anayejitolea figo angali hai anastahili kulindwa kabla na baada ya upasuaji, sawa na mgonjwa anayeipokea.

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze upandikizaji mwaka 2017, tegemeo limekuwa ndugu wa wagonjwa. Hivyo maandalizi, yaani vipimo vya damu, mkojo na shinikizo la damu pamoja na ushauri nasaha, yahakikishe kuwa mtoaji ana afya na hashurutishwi na ukoo.

Baada ya upasuaji, mtoaji hukaa wiki kadhaa bila kazi nzito, muda ambao kibarua hukosa kipato, na kwa kuwa hubaki na figo moja, hupaswa kupimwa kila mwaka.

Wenye dhamana waweke sasa utaratibu wa kufidia kipato hicho na kugharimia vipimo hivyo.